Msiwafunikie Vijana Kinanda

Ndugu wazazi, walimu wa kwaya na wazee wa Kiegei, pamoja nanyi wa Nachingwea mjini na wa Ruangwa, naomba mnisikilize katika jambo ambalo wengi wenu mtaliona la kitoto. Vijana wanaojifunza kinanda siku hizi wamependa kupiga nyimbo za magemu na za katuni za Kijapani, zile wanazoziita anime. Mazoezi ya kwaya yakiisha, vidole vinahama kutoka wimbo wa sadaka kwenda tuni ya gemu la Super Mario. Hapo karipio hutoka, umeme ukazimwa, kinanda kikafunikwa kitambaa. Nasema wazi kwamba anayefanya hivyo anabomoa kwa mkono mmoja anachokijenga kwa mwingine.

Niondoe kwanza hofu moja. Sitetei dubwi wala mashine yoyote inayomeza shilingi za watoto. Sitetei pia kijana kukesha na simu huku daftari la shule halijafunguliwa. Wala sisemi kila katuni inamfaa kila mtoto, na mzazi anayechunguza kile mwanawe anachotazama anatimiza wajibu wake. Nazungumzia muziki peke yake, pale kijana anapoacha kutazama akaketi mbele ya vibonye kutafuta kwa masikio na vidole kile kilichomvutia. Kuanzia hapo hachezi tena, anafanya kazi.

Wako wanaosema nyimbo hizi ni za kigeni, hazina asili kwetu. Hao nawakumbusha taarabu. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alipendwa pwani nzima kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Sinema zililetwa kutoka Bombay, tuni zikabaki kwetu, zikavishwa maneno yetu, na leo nani anathubutu kusema Bhalo hakuwa Mswahili? Nanyi wa Kusini mnao ushahidi wa karibu zaidi. Pale Masasi, Askofu Vincent Lucas wa Kanisa la Anglikana hakulipiga marufuku jando la wenyeji. Alilichukua akalipa sura ya Kikristo. Kupokea kitu na kukigeuza kikutumikie ni desturi yetu ya zamani. Kijana anayechukua wimbo wa filamu ya Kijapani na kuuweka kwenye kinanda cha parokia anafuata nyayo hizo hizo.

Hoja yangu kubwa, hata hivyo, iko kwingine. Mwaka 2005 ulitoka mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV. Mmarekani Christopher Tin, aliyetunga wimbo wake wa ufunguzi, alichukua Sala ya Bwana kwa Kiswahili, akauita wimbo huo “Baba Yetu”. Ndani ya mchezo uliimbwa na kundi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Kwenye albamu ya Tin ya mwaka 2009 ukaimbwa na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini. Februari 2011 ukapata tuzo ya Grammy, na ndiyo mara ya kwanza muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu kuipata tuzo hiyo. Tangu hapo kwaya za mataifa mengi zimeuimba, na watu wasiojua hata kusalimia kwa Kiswahili wanajua kuisali sala hiyo kwa lugha yetu.

Hebu lipimeni jambo hili. Maneno ni karibu yale yale ambayo mtoto wa Kikristo wa Kiegei huyajua kabla hajaanza darasa la kwanza. Mtunzi ni wa California, waimbaji ni wa Stanford na Soweto. Sisi tuliozaliwa ndani ya maneno hayo, ambao hatuhitaji kufundishwa kuyatamka, tulikuwa wapi? Simlaumu Tin, namshukuru, maana aliipenda lugha yetu kuliko baadhi yetu tunavyoipenda. Ninachouliza ni hiki: kwaya ya vijijini kwetu yenye soprano, alto, tenor na besi inashindwaje kuuimba wimbo huo, na mpiga kinanda wake anakatazwaje kuujaribu kwa sababu tu umetoka kwenye gemu?

Muziki huu wa magemu una faida pia ambayo walimu wa kwaya wataielewa upesi. Mashine ya magemu ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 ilikuwa na njia tano tu za sauti: mbili za tuni, moja ambayo kwa kawaida ilibeba besi, moja ya mvumo wa kuigiza ngoma, na moja ya vipande vifupi vya sauti zilizorekodiwa. Ndiyo mashine ambayo Koji Kondo aliitungia muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985. Kwa njia chache namna hiyo, nota isiyo na kazi haikupata nafasi. Ukiuhamishia muziki huo kwenye kinanda, mkono wa kushoto hushika besi inayotembea, nao wa kulia hugawa vidole kati ya tuni na sauti ya pili. Je, si kazi hiyo hiyo tunayomtaka mpiga kinanda aifanye anapoisindikiza kwaya? Tumewachoka wale wanaowasha biti iliyomo ndani ya kinanda na kubonyeza besi ile ile toka mwanzo hadi mwisho. Kijana aliyeshindana na Kondo hawezi kuridhika na hilo. Na akipiga dansi ya mapigo matatu ambayo Joe Hisaishi aliitungia filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 2004, Howl's Moving Castle, atajifunza kuuhesabu mwendo wa tatu kwa nne kwa furaha ambayo fimbo haijawahi kumpa mtu.

Dunia yenyewe imekwisha kuuheshimu muziki huu. Julai 2021, mataifa yalipoingia uwanjani kufungua Olimpiki ya Tokyo, yalisindikizwa na muziki wa magemu. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuweka wimbo wa Super Mario katika hazina ya rekodi zinazohifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Nanyi vijana, nina neno kwenu, tena si laini. Wengi mnajifunza kwa video zinazoonyesha vijiti vya rangi vikidondoka juu ya vibonye. Vidole vinakariri, lakini simu ikizima chaji wimbo nao umezimika. Jifunzeni kusoma nota. Anzeni na sol-fa mliyoikuta kwenye kwaya, kisha ingieni kwenye mistari mitano. Pigeni polepole, mkono mmoja mmoja, kabla ya kuiunganisha. Nobuo Uematsu, mtunzi wa muziki wa gemu la Final Fantasy, alijifunza piano bila mwalimu, kwa hiyo msiseme Kiegei hakuna chuo cha muziki.

Tena msiishie kwenye kuiga. Zipo nyimbo za Wamwera zinazoimbwa na bibi zenu ambazo hazijaandikwa nota hata moja. Padre Stephen Mbunga aliandika kitabu kizima juu ya muziki wa Kibantu na sheria za Kanisa, kikachapishwa mwaka 1963; aliona mapema kwamba mahadhi yetu yanastahili kusomwa kwa bidii. Aliyeweza kuinyofoa tuni kutoka kwenye gemu kwa masikio yake anaweza kumwendea bibi yake kwa adabu, akamsikiliza, akaandika.

Kwenu wazazi na kamati za kwaya: mnada wa korosho ukilipa msimu huu, tengeni fungu la kinanda cha pili. Cha vibonye 61 kinatosha kuanzia, na chagueni kinachokubali betri, kwa maana umeme una tabia zake. Wapeni vijana saa moja baada ya mazoezi, mlango ukiwa wazi, na mtu mzima mmoja akiwa karibu wa kusikiliza, si wa kukemea. Na sherehe ya parokia ikifika, wapangieni nafasi katika ratiba wapige “Baba Yetu”, kwaya yote iimbe.