Mapaa ya Pwani ya Kusini Kabla ya Kimbunga Kijacho

Vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huzaliwa zaidi kati ya Novemba na Aprili, na ni nadra kukaribia ikweta. Ndiyo maana pwani ya Tanzania imezoea kuvisikia kama habari za Msumbiji na Madagaska. Historia haiungi mkono mazoea hayo. Aprili 1872 kimbunga kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Komoro kikaingia Cabo Delgado, jimbo linalopakana na Mtwara. Na mwanzoni mwa Mei 2024, msimu ukiwa umehesabiwa kuwa umekwisha, Hidaya kilifika Mafia. Mwenye nyumba wa Kilwa, Lindi, Mtwara au Mafia hana tena sababu ya kuezeka kana kwamba upepo huo ni wa watu wengine.

Nyumba nyingi zinazoangushwa na upepo huanza kubomoka juu. Upepo unaopita kwa kasi juu ya paa hulivuta liinuke, na ule ulioingia kwa mlango au dirisha lililovunjika hulisukuma kutoka ndani. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Mvuto huwa mkali zaidi kwenye pembe, kwenye kingo na mgongoni mwa paa, ndiyo maana bati la pembeni hutangulia kubanduka na mengine hulifuata. Paa likiondoka, kuta hukosa kinachozishika upande wa juu, nazo huanguka. Mawe na matairi yanayowekwa juu ya mabati hayasaidii kitu: upepo wenye nguvu ya kuinua paa huyashusha, pengine juu ya kichwa cha mtu.

Kinachookoa paa ni mfungo usiokatika tangu bati hadi msingi. Bati lishikwe na papi, papi na kenchi, kenchi na linta, linta na ukuta, ukuta na msingi. Mahali panapoachia mara nyingi ni pale kenchi inapokutana na ukuta. Ni kawaida kukuta mbao imelazwa juu ya tofali na kupigiliwa misumari miwili mitatu, nayo misumari iliyopigwa wima huchomoka inapovutwa juu. Panahitajika waya mnene au ukanda wa chuma unaozungushwa kwenye kenchi na kushuka hadi kwenye linta. Nyumba ikiwa bado inajengwa, vipande vya nondo huachwa vimechomoza kwenye zege la linta, na kila kenchi hufungwa hapo. Ikiwa imekwisha kuezekwa, fundi hutoboa ukuta chini ya linta, akapitisha waya na kuukaza juu. Ni kazi ya siku chache, na gharama yake haifanani kabisa na ya kuezeka upya.

Mabati nayo yana mambo yake. Namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko geji 32, ambayo hupasukia kwenye kichwa cha msumari. Kwenye kingo na mgongoni, kila wimbi la bati lipate msumari wake wenye kofia. Upenu usirefushwe mno, na paa la baraza litenganishwe na paa kuu, ili likichukuliwa lisiondoke na nyumba nzima.

Nyumba za miti na udongo hazikosi kinga. Nguzo zake hukatika zilipooza, usawa wa ardhi. Hizo zibadilishwe kwanza, kisha kuta zitiwe miti ya mshazari pembeni kabla ya kukandikwa upya. Wavu chakavu wa kuvulia, ukitandazwa juu ya makuti na kufungwa kwenye nguzo, huyapunguzia kupeperuka.

Mwenye nyumba mmoja hawezi kujikinga peke yake. Bati lililobanduka kwa jirani hukata kama panga na kuvunja dirisha la nyumba iliyokazwa vizuri, na hapo upepo huingia ndani. Kwa hiyo wakazi wanaombwa kuifanya kazi hii mtaa kwa mtaa, kwa msaragambo, kuanzia Juni hadi Oktoba. Vikundi vya vikoba vinaweza kununua waya na misumari kwa jumla. Mafundi wa kijiji wafanye nyumba moja mbele ya wenzao hadi wote waujue mfungo huo. Na wenye nyumba za kupangisha wasimwachie mpangaji gharama ya paa lisilo lake. Wazee wanaoishi peke yao, wajane na wenye ulemavu watangulie kwenye orodha, maana ndio wasioweza kupanda ngazi wala kumlipa wa kuwapandia.

Zitabaki nyumba ambazo hakuna waya utakaozitosha. Watu wake watakimbilia shule, msikiti au kanisa pale Mamlaka ya Hali ya Hewa itakapotoa tahadhari. Kamati ya maafa ya kijiji ikague kenchi za majengo hayo kwanza, kabla ya nyumba yoyote, na lile lenye paa legevu lisitajwe kuwa kimbilio mpaka limefungwa.