Mshale Unapodanganya, Sumu Hugeuzwa Usalama

Katika siasa za chakula za Afrika Mashariki ipo tarakimu moja yenye nguvu kuliko hotuba nyingi. Ni 10: kiwango cha juu cha jumla ya sumukuvu, kwa mikrogramu katika kila kilo ya mahindi, kinachoruhusiwa na viwango vya Jumuiya yetu. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa kila shehena iambatane na cheti kinachothibitisha kwamba haijavuka tarakimu hiyo. Tulibishana sana kuhusu biashara, udugu na ujirani mwema. Wachache mno waliuliza tarakimu hiyo hupatikanaje.

Swali hilo si la wakemia peke yao. Mwaka 2004 sumukuvu iliwaugua watu 317 nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara nayo ilizika watu wake. Penye makaburi, njia ya kupima ni jambo la umma.

Tuingie basi maabara. Unga hukorogwa katika mchanganyiko wa methanoli na maji ili sumu itoke, kisha huchujwa na kuzimuliwa. Kimiminika hicho bado kina rangi, mafuta na takataka nyingine, hivyo hupitishwa katika kibomba cha plastiki, kisichozidi urefu wa kidole, kilichojazwa chembe za kitu yabisi. Kwa sumukuvu, chembe hizo hubeba kingamwili zinazoinasa sumu na kuyaacha mengine yapite. Kibomba huoshwa kwa maji, kisha sumu iliyonaswa hutolewa kwa methanoli safi na kupelekwa kwenye mashine ya kupimia. Mabaki ya viuatilifu katika maji ya mito hupimwa kwa kanuni hiyo hiyo, ingawa chembe ni za aina nyingine. Hizo hulowanishwa kwanza kwa methanoli na maji, wala haziachwi zikauke kabla ya sampuli kupita.

Siri ya kazi yote ni mwendo. Kwa sumukuvu, kimiminika kinapaswa kudondoka tone moja au mawili kwa sekunde. Maabara yenye sampuli nyingi huweka pampu inayofyonza hewa chini ya vibomba, na geji yenye mshale huonyesha nguvu ya ombwe. Mshale ukionyesha kilopaskali 15 ilhali ombwe la kweli ni 30, mwendo huongezeka karibu maradufu. Sumu hupita kabla ya kunaswa na kuishia katika chupa ya taka. Mashine, hata iwe ya thamani gani, haiwezi kupima kisichoifikia.

Hapa ndipo penye hatari ambayo watumishi wa umma wanapaswa kuielewa. Makosa ya hatua hii hayaelekei pande zote kwa usawa. Kibomba kilichopitishwa haraka, au kilichokauka kabla ya wakati wake, kwa kawaida hupunguza sumu katika ripoti, huku sumu ya kwenye gunia ikibaki ilivyo. Chukua shehena yenye mikrogramu 12 kwa kilo. Maabara ikinasa asilimia 70 tu na isirekebishe hesabu, cheti kitaandika 8.4. Lori litavuka mpaka kihalali, na hakuna aliyehongwa.

Geji yenyewe ina jambo la kufunzwa. Mwaka 1648 Florin Périer, shemeji wa Blaise Pascal, alipanda mlima Puy de Dôme nchini Ufaransa akiwa na mrija wa zebaki, na zebaki ikashuka kadiri alivyopanda. Ndivyo ilivyo hata kwetu. Dar es Salaam hewa hugandamiza kwa takriban kilopaskali 101. Nairobi, kwa takriban 82. Geji ya kawaida huhesabu kuanzia hewa ya mahali ilipo, na kwa kupitisha kimiminika inatosha, kwa kuwa kinachosukuma ni tofauti kati ya hewa ya juu na ombwe la chini. Lakini katika kuvukiza kiyeyusho, kinachoamua ni mgandamizo halisi uliobaki ndani ya chombo. Maelekezo yakitaka mgandamizo halisi wa kilopaskali 50, mshale usome takriban 51 chini ya sifuri Dar es Salaam, na takriban 32 tu Nairobi.

Kutokana na hayo tunapata majaribio mawili yasiyo na gharama. Geji ikiachwa wazi kwa hewa, mshale sharti urudi sifuri. Na geji inayodai kilopaskali 95 za ombwe jijini Nairobi inasema uongo, kwani haiwezekani kuondoa hewa nyingi kuliko iliyopo.

Wapo watakaosema kwamba kosa kubwa zaidi katika sumukuvu hutokana na kuchota sampuli, kwa kuwa punje chache zaweza kubeba sumu ya gunia zima. Wanasema kweli. Lakini ubovu wa mlango si hoja ya kuacha dirisha wazi.

Tatizo letu ni la vipaumbele. Mashine kubwa hukatiwa utepe, nayo hupigwa picha. Vibomba vinavyotumika mara moja na kutupwa, ugezi wa geji, na mafunzo ya fundisanifu havina utepe wa kukatwa, hivyo huwa vya kwanza kufutwa bajeti inapopungua. Kibomba kinaporudiwa kutumika kwa kukosa kingine, tumenunua mashine ya kutupatia uongo wenye nukta za desimali.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, kila cheti cha sumukuvu kionyeshe kiwango cha urejeshaji: sumu ya kiasi kinachojulikana itiwe katika unga safi, ipimwe, na asilimia iliyopatikana iandikwe. Kanuni za awali za Umoja wa Ulaya zilitaka asilimia 70 hadi 110 kwa viwango vya chini, na jibu hurekebishwa kwa asilimia hiyo. Pili, vibomba na ugezi viwe na fungu lao la bajeti lisilohamishika. Tatu, fundisanifu alindwe kisheria anapokataa kutia saini jibu asiloliamini.

Wanafunzi na wanaharakati, mnapoonyeshwa cheti cha usalama msiulize jina la mashine pekee. Ulizeni urejeshaji ulikuwa asilimia ngapi, na geji iligezwa lini. Ofisi isiyoweza kujibu hayo haijapima chakula chetu, imekibariki tu.