Kuku Wako Si Pipa la Taka

Wasee wa Isiolo, leo sina upole. Kuna uongo unazunguka kwa simu zetu na kila mwezi unameza doo za mathe zetu. Uongo wenyewe unasema hivi: kuku hula chochote. Mrushie mahindi yenye ukungu, mwagia pumba, ongeza ugali wa jana, mfungulie mlango ajitafutie, kisha kaa kwa kiti ungoje mayai.

Sawa, kuku humeza chochote. Hata msumari atameza. Lakini kumeza si kushiba, na kushiba si kutaga.

Zile video mnazijua. Jamaa amesimama mbele ya banda safi ambalo si lake, anapiga hesabu kwa vidole: kuku 50, kila mmoja yai moja kwa siku, zidisha kwa bei ya yai, zidisha kwa siku 30, wewe ni tajiri, ndinga utanunua Krismasi. Mimi pia natengeneza video, kwa hivyo najua kwa nini hiyo hesabu inavuta watu. Ni fupi na ni tamu. Shida ni kwamba ameruka mstari mmoja, na huo mstari ndio unabeba kama asilimia 60 hadi 70 ya gharama ya kufuga kuku. Mstari wa chakula.

Hebu tuurudishe, tuone.

Kifaranga wa kutaga, kutoka siku ya kwanza hadi karibu miezi mitano, anakula kama kilo 7 au 8. Hapo hajakupa yai hata moja. Kuku 50 ni kilo 350 hadi 400. Kwa magunia ya kilo 70, hayo ni matano kwenda sita, yote unanunua kwa pesa ya mfukoni kabla biashara haijaanza. Yule jamaa wa video alikuambia hivyo? Hakukuambia. Na mathe akichukua mkopo wa chama, huwa anachukua wa kununua vifaranga, hachukui wa magunia sita. Ndiyo maana mwezi wa tatu ukifika utaona kuku wamekonda, wanadonoana manyoya, na mtu anasema "hii kuku ni mbegu mbaya." Mbegu iko sawa, buda. Wana njaa.

Tuendelee. Wakianza kutaga, kila kuku anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 50 ni kilo 6. Gunia la kilo 70 linaisha siku ya 11 au 12. Kwa hizo siku 11, kuku wa mayai wa kisasa waliolishwa vizuri wanaweza kukupa mayai 40 kwa siku, hiyo ni kama trei 14. Kienyeji walioboreshwa wakikupa 25 kwa siku, shukuru, hiyo ni trei 9. Yai moja kila siku bila kukosa ni ndoto, kwa sababu kuku mwenyewe anahitaji zaidi ya saa 24 kuunda yai moja. Sasa chukua bei ya gunia kwa agroveti ya mtaa wako leo, iweke kando ya bei ya trei 9. Hiyo ndiyo biashara. Kama bado inakulipa, ingia. Kama hailipi, usimtukane mtu, punguza kuku.

Sasa tuje kwa chakula chenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wanaibiwa wakiona.

Ukienda dukani useme tu "nipee chakula ya kuku, kilo mbili," utapimiwa kile kiko wazi karibu na mlango. Mara nyingi ni Layers, kwa sababu ndiyo inatoka haraka. Ukifika nyumbani unamwagia vifaranga wa wiki tatu. Unajua umefanya nini? Chakula cha kuku wanaotaga kina kalisi nyingi, karibu asilimia 4, kwa sababu ganda la yai linajengwa na kalisi. Kifaranga anahitaji kama asilimia 1. Hiyo nyingine yote inapita kwa figo zake, na figo za kifaranga hazijaumbwa kwa kazi hiyo. Anadumaa, wengine wanakufa, na wewe unanunua dawa ya kuhara.

Kuku analishwa kwa umri. Kwa gunia utaona yameandikwa majina matatu. Chick Mash ni ya vifaranga hadi kama wiki ya 8, na protini yake ni kama asilimia 18 hadi 20, kwa sababu huyo anajenga mwili kutoka sifuri. Growers ni ya wanaokua, hadi kama wiki ya 18, protini inashuka hadi 14 au 16 ndiyo wasinenepe bure. Layers ni ya wanaotaga, protini 16 hadi 18 pamoja na ile kalisi. Hakuna siri hapo. Ni kama vile hakuna mtu anampa mtoto mchanga pilau na mzee maziwa ya chupa.

Najua swali lako. "Mimi niko na tetea, jogoo na vifaranga kwa banda moja, nitanunua magunia matatu?" Hapana. Wakubwa wote wape Growers au ile ya kienyeji, kisha weka chokaa ya mifugo au maganda ya mayai yaliyosagwa kwa kisahani kando. Tetea anayetaga atadonoa mwenyewe kadiri anavyohitaji, jogoo atapita tu. Vifaranga watengenezee kizimba chenye mianya midogo: wao wanaingia, mama haingii, na ndani unawawekea chakula chao. Mbao chache na misumari. Hiyo ni kazi ya Jumamosi moja.

Halafu kuna ile timu ya "kienyeji anajitafutia." Ikiwa una kuku kumi na uwanja mpana wenye nyasi, mbegu na mchwa, mko sawa, wazee wetu walifuga hivyo na walikula mayai. Lakini wewe uko Bulla Pesa, ploti imezungushwa mabati, ardhi imekauka, na kuku ni 30. Wanatafuta nini hapo? Vizibo vya soda? Kulamawe ni jina la mtaa, jamani, si menyu. Kweli kuku anahitaji vijiwe vidogo vya kusagia chakula kwenye firigisi, lakini lazima kuwe na chakula cha kusaga.

Sasa jambo zito, na hapa sicheki.

Tuko na tabia ya kusema mahindi yakishika ukungu, "usitupe, pelekea kuku." Ukungu wa aina fulani kwa mahindi unatoa sumu inaitwa aflatoksini. Mwaka wa 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye hiyo sumu, na 125 wakafa. Huwezi kuiondoa kwa kuchemsha. Huwezi kuiondoa kwa kukaanga. Ukisaga, umeisambaza tu ndani ya unga. Kuku akiila, inashambulia ini, mayai yanapungua, na kinga ya mwili inaanguka. Unaweza kumchanja dhidi ya Newcastle na bado akaugua, kwa sababu mwili hauna nguvu ya kuitikia chanjo. Na mabaki ya sumu yanaweza kuingia kwa ini na kwa mayai. Hayo mayai unakula wewe, anakula mdogo wako, anakula mteja wako. Kwa hivyo kile ulichoona si salama kwa sufuria yako kimerudi mezani kwako kupitia mlango wa nyuma. Mahindi yenye ukungu yatupwe. Ukiona uchungu kuyatupa, hesabu bei ya jeneza.

Kuna pia wataalamu wa mchanganyiko, wale wa kutumiana fomula kwa WhatsApp. "Changanya mahindi na pumba ya ngano, achana na dukani." Tumia hesabu ya darasa la sita. Mahindi yana protini kama asilimia 8 au 9. Pumba ya ngano iko kama 15 au 16. Ukichanganya hivyo viwili, hata ukipindua vipi, hutawahi kupita 16, na kifaranga anataka 18 au zaidi. Lazima kuwe na kitu chenye protini nyingi: omena, mashudu ya alizeti, au soya. Omena ya magunia huja na mchanga, kwa hivyo chukua mkono mmoja, tia kwa maji, uone kile kinazama. Soya mbichi nayo inazuia kuku asimeng'enye protini, lazima ikaangwe au ipikwe kwanza. Kuchanganya chakula nyumbani ni jambo zuri kabisa. Lakini ni upishi, na upishi una vipimo.

Na protini haitoki tu kwa duka. Mnakumbuka nzige? Mwanzoni mwa 2021, wakati makundi yalikuwa yanatua huku kwetu, mradi mmoja uitwao The Bug Picture ulikuwa unalipa wakaazi wa Isiolo, Laikipia na Samburu shilingi 50 kwa kila kilo ya nzige. Watu walikuwa wanatoka usiku na tochi, wanawakusanya wakiwa wamelala kwa miti, kisha wanasagwa kuwa chakula cha mifugo na mbolea. Janga lilikuwa janga, lakini lilitufundisha kitu: mdudu ni protini. Mchwa uliotegwa kwa chungu chenye samadi na majani makavu unafanya kazi hiyo hiyo, na haudai nauli ya lori.

Najua wengine mnasema mimi naongea kama mtu wa mjini ambaye hajui bei. Naijua. Chakula kikifika hapa kimeshalipa lori, mafuta na faida ya watu watatu. Ndiyo maana nasema kuku 10 walioshiba wanashinda kuku 50 wenye njaa, kila wiki ya mwaka. Kuku 10 wanakula kilo 1.2 kwa siku. Gunia litakaa karibu miezi miwili, na kwa joto la hapa likikaa muda huo huanza kuharibika, kwa hivyo nunueni majirani watatu mgawane. Wape asubuhi mapema na jioni, kwa sababu saa saba jua likiwaka kuku anahema tu, hali. Na maji yasikose, ya kunywa, kivulini. Kuku asipokunywa hali, na asipokula hatagi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Sisi ni watoto wa watu wanaojua malisho kuliko mtu yeyote Kenya. Waborana hapa wana dedha, wazee wanaosimamia nyasi na maji: hapa ni pa masika, hapa ni pa kiangazi, pale hapaguswi mpaka ukame ukaze. Babu yako anaweza kukuambia nyasi gani inaongeza maziwa na gani inamharibu ngamia. Hakuna mfugaji wa mbuzi hapa anaweza kusema "mbuzi hula chochote" mbele ya wazee akabaki na heshima. Lakini tukija kwa kuku, kwa sababu ni wa mama na bei yake ni ndogo, akili yote tunaiacha mlangoni. Huyo kuku wa mama amelipa karo ya watu wengi mnaosoma hapa.

Basi wenye agroveti: acheni kupimia watu chakula kutoka gunia lililo wazi kwa jua bila kuuliza kuku wana umri gani. Swali moja tu. Na gunia libaki na jina lake, tarehe yake na alama ya KEBS, mteja asome. Nyinyi wa video: mkipiga hesabu ya mayai, anzeni na magunia.

Na wewe, leo jioni ingia kwa banda. Soma gunia, kisha angalia kuku. Jina na umri visipolingana, kesho rudi dukani na useme, "Nataka ya wiki ya tano." Akikuangalia vibaya, hama duka.