Mfereji Mmoja, Mashamba Mengi



Mwezi uliopita, ibada ilipokwisha, mzee mmoja wa kanisa letu hapa Mang'ola alisimama akauliza neno mbele ya watu wote. Alisema, "Mwalimu, mlitufundisha kwamba kanisa la Kibaptisti halina askofu juu yake, bali waamini wenyewe huchagua mchungaji wao na mashemasi wao. Mbona basi sehemu ya sadaka yetu hupelekwa kwa ushirika wa makanisa, nasi hatujui ni nani aliyeamuru?"

Tulinyamaza, kwa maana hakuna aliyeamuru. Sisi tuliokabidhiwa sadaka tulikuwa tukiipeleka kwa desturi tu, pasipo kulileta shauri mbele ya mkutano wa waamini. Kosa lilikuwa letu, nasi tumeliungama. Lakini swali la mzee lastahili jibu, wala si kwa kanisa letu peke yake.

Kwanza, yatupasa kujua ushirika ni kitu gani. Kanisa likitaka kuingia, mkutano wa waamini hukaa na kukubaliana. Kisha huandika barua kueleza imani yake, na kuipeleka kwa mkono wa wajumbe. Makanisa mengine husikiliza, huuliza, na yakiridhika hulipa mkono wa kuume wa ushirika. Tangu siku hiyo kanisa hilo hushiriki katika mashauri na katika kazi. Lakini ushirika hauna mamlaka ya kumwondoa mchungaji ambaye kanisa limemchagua, wala ya kulitoza kanisa kodi. Kanisa likipotoka katika imani, ushirika waweza kuuondoa mkono wake. Zaidi ya hayo, huonya tu na kushauri. Nalo kanisa liliingia kwa hiari, hata kutoka laweza kutoka kwa hiari.

Labda mtu atasema, "Ikiwa ni hivyo, ushirika wafaa nini?" Ndugu, tazameni mashamba yetu ya vitunguu. Kila mwenye jaruba hulima kwa jembe lake, wala jirani hamwamuru siku ya kung'oa. Lakini maji hutoka katika chemchemi, nayo hupita katika mfereji ambao hakuna mtu mmoja awezaye kuutunza. Siku ya kuuzibua, kila nyumba hutoa mtu na jembe. Yeye asiyekuja, akisema, "Shamba langu ni langu," amesema kweli. Lakini maji atayapata wapi? Naye mlinzi wa zamu akijifanya mwenye maji, amewadhulumu wote. Uhuru wa kanisa ni shamba. Kazi ya Injili iliyo ya wote ni mfereji.

Neno hili si geni. Twasoma katika Matendo, mlango wa 11, jinsi wanafunzi wa Antiokia walivyowapelekea msaada ndugu wa Uyahudi wakati wa njaa, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Hawakutozwa, waliazimu wenyewe.

Hata katika nyakati zilizo karibu nasi mambo yalikuwa hivyo. Tarehe 2 Oktoba 1792, Wabaptisti wachache walikutana Kettering, Uingereza. Makanisa yao yalikuwa madogo, na ahadi zao zote pamoja zilikuwa pauni 13, shilingi 2 na peni 6. Kwa ahadi hizo walianzisha chama cha kupeleka Injili, na mwaka uliofuata William Carey, aliyekuwa kwanza fundi wa viatu, akasafiri kwenda Bara Hindi. Huko Marekani nako, makanisa ya kusini yaliweka mfuko mmoja mwaka 1925, ili kila chuo na kila kazi isizunguke peke yake kuomba fedha makanisani; na kila kanisa hujipangia lenyewe kiasi cha kutoa. Wamisionari wao walifika Tanganyika mwaka 1956. Ikajengwa hospitali Mbeya, na chuo cha kufundisha wachungaji kikafunguliwa Arusha mwaka 1962. Kisha mwaka 1971 makanisa ya nchi yetu yakaunda umoja wao wenyewe. Ni kanisa gani moja ambalo lingeyaweza hayo? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini yatupasa kusema kweli yote. Umoja ule wa makanisa ya kusini mwa Marekani uliundwa mwaka 1845, kwa sababu ndugu walitengana juu ya utumwa: wale wa kusini walitaka mtu mwenye watumwa aweze kutumwa kuwa mmisionari. Miaka 150 ikapita, na mwaka 1995 umoja huo uliungama dhambi hiyo mbele ya watu na kuomba msamaha. Sisi wana wa Afrika twasema neno hili bila chuki. Twalisema ili mjue kwamba ushirika pia waweza kukosa, wala wingi wa makanisa si ushahidi wa haki. Mfereji huingia tope. Kwa hiyo huzibuliwa, wala haufukiwi.

Tena, fedha za pamoja zahitaji hesabu iliyo wazi. Mtume Paulo mwenyewe, katika Wakorintho wa Pili, mlango wa 8, hakuichukua changizo peke yake. Alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asije mtu akawalaumu. Ikiwa Paulo alikubali kuangaliwa, sisi ni nani hata tukasirike tukiulizwa?

Sasa tutazame mlangoni petu. Kando ya Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe wawindao na kurina asali, Wadatoga wafugao, Wairaqw walimao, na Wanyiramba na Waisanzu waliohamia. Lugha zao ni za koo nne zisizo na udugu; tena Kihadza hakijulikani kuwa na ndugu popote duniani. Je, kanisa letu, lenye madawati machache na paa livujalo, litapata wapi mwinjilisti wa kila lugha? Peke yetu hatuwezi. Tukiungana na wengine, mmoja atatoa mtu, mwingine posho, mwingine nyumba ya kulala.

Basi tumemwambia mzee hivi: hatutapeleka hata senti moja tena mpaka mkutano wa waamini ukae. Hesabu za miaka iliyopita zitasomwa kwa sauti, na ushirika tumeuomba ulete zake. Mkutano ukikubali, tutatoa kwa furaha. Ukikataa, hatutamlazimisha mtu, ingawa tutahuzunika. Mzee alitushika mkono akasema, "Nitakuja, Mwalimu. Nami nitakuja na kalamu."

Tulifurahi kuliko kama angalisema amini. Ninyi wa makanisa mengine, je, hesabu zenu zilisomwa lini?

Neema na iwe pamoja nanyi.