Kalemie: Nyonga ikivunjika, picha moja haitoshi

Katanika, pembeni ya mji wa Kalemie, ilijulikana sana mwaka 2017, wakati watu waliokimbia mapigano kati ya Watwa na Waluba walipojenga vibanda hapo. Katika familia inayoishi kwa kulima na kubeba mizigo, mtu mmoja akishindwa kutembea, chakula kinapungua kwa wote. Kwa hiyo ajali ya nyonga si jambo la waganga peke yao.

Kichwa cha mfupa wa paja kinazunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Goti likigonga kwa nguvu katika ajali ya gari au pikipiki, kichwa hicho kinaweza kusukumwa nyuma na kuvunja ukingo wa kikombe. Ukingo huo wa nyuma ndio unaovunjika mara nyingi zaidi.

Shida ni kwamba picha moja ya radiografi, iliyopigwa kwa mbele, inaweza kuficha ufa. Mwaka 1964, waganga Wafaransa Robert Judet, Jean Judet na Émile Letournel waligawa mivunjiko hiyo katika aina 10: 5 za msingi na 5 za mchanganyiko. Skana ilikuwa bado haijavumbuliwa. Walitumia picha 3: moja ya mbele, na mbili mgonjwa akiwa ameinuliwa nyuzi 45, upande mmoja kisha wa pili. Moja inaonyesha vizuri ukingo wa nyuma, nyingine nguzo ya nyuma ya mfupa. Mganga anafuata mistari 6 kwenye picha. Mstari uliokatika unamwambia palipovunjika.

Muda nao ni adui. Kichwa kilichotoka kinapaswa kurudishwa ndani ya masaa machache, la sivyo mfupa unaweza kukosa damu na kufa. Operesheni ikipita wiki 3, inakuwa ngumu zaidi. Mgonjwa anayeambiwa «hakuna kitu» na kurudi nyumbani kukandwa anapoteza muda huo.

Skana ni bora. Lakini pale ilipo mbali, au bei yake inaposhinda familia, mashine ileile ya radiografi inaweza kupiga picha mbili zaidi. Wakuu wa afya wanaweza kufundisha mafundi wa picha na kuweka bei moja kwa picha zote 3. Na wewe msomaji, ukiona majeruhi ambaye mguu wake umefupika na kugeukia ndani, usikubali akandwe: mpeleke hospitali, uulize kama picha zote zimepigwa.