'Sistimu Iko Chini, Rudi Kesho': Mbona iTax na eCitizen Hujam Ukiwa na Haraka?

Juni 30 ikifika, kupata kiti kwa sayba Nakuru ni noma. Kuanzia Kenyatta Avenue hadi Kaptembwa, mavijana wamepanga laini wakitaka kufaili KRA kabla saa sita usiku igonge. Kale kaduara kanazunguka weee, halafu ukurasa unakufa. Na ukichelewa, faini ni KSh 2,000 au 5% ya ushuru unaodaiwa, ile itakuwa kubwa. Hata kama huna kazi na ulikuwa unafaili sufuri.

Shida iko wapi? Piga tu hesabu ya stage. Seva ni kama mat ya abiria 14. Siku ya kawaida inatosha. Siku ya kufunga shule, watu 200 wakitaka kupanda mara moja, hakuna anayeenda popote. Na ukibonyeza rifreshi kila sekunde, unarudi nyuma ya laini huku ukiongeza msongamano.

Lakini hapa ndipo gava haiwezi kujitetea. KRA hufungua mlango wa kufaili Januari 1, na kila mtu anajua Wakenya ni watu wa dakika ya mwisho. Mwenye mat hujua Desemba kutakuwa na abiria, anatafuta gari za ziada mapema. Sistimu pia inafaa ipimwe kabla ya Juni, iongezewe nguvu siku za presha, na ikizidiwa ikuambie uko namba ngapi kwa laini. Sio kukutoa tu.

Risiki imepanda pia juu kila kitu kimepitishwa mlango mmoja. Juni 30, 2023, Rais Ruto alizindua Gava Mkononi, huduma zaidi ya 5,000 zikiwa eCitizen. Haikupita mwezi. Julai 27, aliyekuwa waziri wa ICT, Eliud Owalo, alikubali kuwa eCitizen imeshambuliwa. Kundi linalojiita Anonymous Sudan lilisema ni wao. Mbinu ilikuwa ile ile ya stage: unatuma abiria feki kibao hadi wa ukweli wakose nafasi. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, lakini wageni waliokwama na viza ilibidi wapewe wakifika.

Sasa fikiria msee wa Molo anayetafuta cheti cha good conduct ndio apate kazi. Ashalipa KSh 1,050, ashapanda mat hadi Huduma Centre Nakuru kuwekwa alama za vidole. Akiambiwa sistimu iko chini, nauli ya kurudi kesho ni yake.

Hiyo ndiyo haki tunafaa kudai: sistimu ikilala siku ya mwisho, siku isongezwe bila watu kuomba. Mwananchi akichelewa analipa. Seva ikichelewa, mbona alipe yeye tena?

Kwa sasa, faili mapema, na usiku wa manane ndio laini huwa fupi.