Chipukizi la Jirani

Mwaka 2013 ilithibitika kwamba ugonjwa wa mnyauko wa Panama, wa ile aina iitwayo TR4, umeingia kaskazini mwa Msumbiji, nchi tunayopakana nayo. Ukungu huu hauna dawa. Huingia mgombani kwa mizizi na kuziba njia za maji. Majani ya chini hugeuka manjano kuanzia kwenye kingo, na ukilikata shina waona michirizi ya kahawia nyekundu. Wenzetu wa Kagera waliopambana na mnyauko wa bakteria wasidhani ni adui yuleyule: ule waweza kutoka udongoni shamba likipumzishwa, bali huu hudumu ardhini miongo kadhaa.

Husafiri kwa machipukizi, kwa udongo ulioganda jembeni na viatuni, na kwa maji yatiririkayo. Hapa ndipo tunapolazimika kusema neno la haki. Desturi ya kumpa jirani chipukizi ni njema (nani kati yetu aliununua mgomba wake wa kwanza?), lakini kumpa, au kumwuzia, kutoka shina unalolitilia shaka ni kuwanyang'anya watoto wake chakula. Vivyo hivyo, anayetoa taarifa kwa bwana shamba asiachwe peke yake na kibanja kilichofungwa. Jumuiya ndogo ndogo zimtengee mahindi na maharage, na zimtafutie pa kulima. Tukimwacha na njaa, atakayefuata atauficha ugonjwa. Viongozi wa jumuiya walizungumze jambo hili kabla ya mvua za kupandia.